Picha za B.R. Chopra tuziamini kiasi gani? Na habari ya talaka ya dada

*Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi tupo Tanga, nyumbani picha za Kihindi za zamani ndo zetu, mama katulea nazo. Wiki mbili zilizopita tumeangalia Insaf Ka Tarazu halafu juzi Nikaah, zote za B.R. Chopra. Mama analia mpaka mwisho, anasema hakuna dairekta aliyemtetea mwanamke kama huyu mzee. Mi Insaf Ka Tarazu nilitoka nje katikati, niliona kama anatudhalilisha halafu anajidai anatuonea huruma. Kaka yangu yeye anasema hizo ni picha za kuliza watu tu, sanaa hamna. Na kuna jingine limenikaa rohoni. Dada yetu mkubwa mumewe kamtamkia talaka tatu kwa hasira, hata mwezi haujaisha, mama anasema si mmeona kwenye Nikaah, hiyo imeshaisha mpaka aolewe na mwingine. Naomba unieleze, huyu Chopra uzuri wake uko wapi, ubaya wake uko wapi, na picha zake tuziamini kiasi gani?*

Marahaba mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, ndani yake kuna la picha na la dada yako, na la dada yako ndo lenye haraka kwa hiyo naligusa kwanza halafu nitalirudia mwishoni. Msiache mtu yeyote hapo nyumbani aamue ndoa ya dada yako kwa kutumia Nikaah. Ile ni stori ya watu wa India, imetoka 1982, imetungwa ili watu wakate tiketi na wakae mpaka mwisho, haikutungwa itoe fatwa. Mama yako simlaumu, kwetu pwani picha hizi zimekaa na sisi miaka mingi sana, na hata maneno yake tunayasikia bila mkalimani, nikaah ni nikahi, talaq ni talaka, insaf ni insafu, kanoon ni kanuni, kwa hiyo mtu anaangalia anaona kabisa hawa wanasema mambo yangu. Ukaribu huo ni wa kweli. Ila unaweza kumpoteza mtu vilevile.

Haya, mzee mwenyewe. Baldev Raj Chopra kazaliwa Punjab 1914, kasoma Lahore mpaka shahada ya pili ya fasihi ya Kiingereza, na kabla hajashika kamera alikuwa mwandishi wa habari za sinema hapohapo Lahore. Watu wanapita haraka hapa lakini mi naona ndo ufunguo wa kazi yake yote. 1947 India ilipogawanywa Lahore ikawa Pakistani, naye akaondoka kama walivyoondoka mamilioni, akaishia Bombay, akaanza upya, na Afsana ya 1951 ndo iliyomtoa. 1955 akafungua kampuni yake, B.R. Films, na ukipanga picha zilizofuata utaona huyu mtu anafikiri kama mhariri anayetafuta kesho watu wabishane nini. Ek Hi Raasta ya 1956 ni mjane, aolewe tena au akae hivohivo. Naya Daur ya 1957 ni mashine na ajira za watu. Sadhna ya 1958 inauliza kahaba anaweza kuwa mke wa mtu na mkwe wa watu au hawezi. Dhool Ka Phool ya 1959 ni mtoto wa nje ya ndoa (hiyo kaiongoza mdogo wake Yash, B.R. ndo prodyuza, watu wanawachanganya sana hawa ndugu). Kanoon ya 1960 ni adhabu ya kifo, Gumrah ya 1963 ni mke wa mtu na mpenzi wake wa zamani, halafu miaka mingi baadaye ndo zinakuja hizo mbili mlizoangalia, ubakaji 1980 na talaka 1982.

Kipaji chake ni kwamba jambo linalosemwa jikoni kwa kunong'ona yeye analipandisha kizimbani. Wakati mwingine ni kizimba cha kweli chenye jaji na mawakili, wakati mwingine hakuna mahakama lakini ukiangalia walivyosimamishwa utaona kesi inaendeshwa. Kumbuka mwisho wa Nikaah, Niloufer, yule mwanamke aliyetamkiwa talaka, yupo katikati, mume aliyemwacha upande huu, mume aliye naye upande huu, wanaume wawili wamekuja kuhukumiwa na mwanamke ambaye walidhani wanakuja kumhamisha tu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Anawaambia kwa maana hii, kwamba mmoja katumia talaka kama tusi na mwingine anataka kuitumia kama zawadi, na hakuna kati yao aliyemuuliza yeye anataka nini. Mwaka 1982, kwenye picha ya biashara yenye nyimbo na mastaa, hilo lilikuwa jambo zito, na mi hata leo sini ile ikifika nanyamaza.

Ujanja unaoendesha picha hizi ni huu, na ukishauelewa utajua kwa nini mama analia. Chopra anakuonyesha wewe mtazamaji ukweli kwanza, halafu anakupeleka mahali ambapo watu wengine hawajauona ukweli huo. Kwenye Insaf Ka Tarazu sisi tumeona mhusika wa Raj Babbar akimbaka mwanamke anayechezwa na Zeenat Aman, tumeona kabisa, halafu tunakalishwa mahakamani tunasikiliza wakili akigeuza kila kitu, kazi ya urembo ya huyo mwanamke na picha zake za matangazo zinaletwa kama ushahidi kwamba alitaka mwenyewe, mdogo wake mtoto wa shule anabanwa na maswali mpaka anachanganyikiwa, na sisi tunajua! Hasira ile inatukaa kifuani hatuna pa kuipeleka, kwa hiyo Zeenat Aman anaposhika bastola hakuna mtu ukumbini anayemtaka aache. Chopra anatugeuza mashahidi walionyimwa kusema. Kamfundisha mtazamaji wa kawaida kitu ambacho semina nyingi haziwezi, kwamba mwanamke aliyebakwa akienda mahakamani anaweza kujikuta yeye ndo anashtakiwa.

Na hakutoa hilo hewani. Mwishoni mwa miaka ya 70 Mahakama ya Juu kabisa ya India iliwaachia polisi wawili kwenye kesi ya msichana mmoja wa kijijini huko Maharashtra, hoja ikiwa kwamba hakuonyesha dalili za kupinga, na walimu wa sheria wakaandika barua ya wazi, wanawake wakatoka barabarani, mpaka 1983 sheria ya ubakaji ikarekebishwa. Picha ya Chopra imeingia katikati ya moto huo. Mama yako akisema alitetea wanawake ana haki ya kusema hivo.

Lakini na wewe uliyetoka nje una haki, na hili sitaki lifunikwe. Stori ya Insaf Ka Tarazu msingi wake ni picha ya Kimarekani, Lipstick ya 1976, na kasoro ya ile ikaja na mzigo wake. Tazama kamera inakaa wapi wakati wa unyama. Dairekta anayemhurumia mtu anayeumizwa anaweza kukaa na uso wake, au akafunga mlango akatuacha nje tukisikia, au akakata moja kwa moja mpaka baadaye. Chopra anakaa, na sini ya pili, ile ya mdogo mtu ofisini, inavutwa na kuvutwa, na Padmini Kolhapure aliyeicheza hata miaka 16 alikuwa hajafika. Kaigiza vizuri mno, akapata tuzo ya Filmfare, ila kuigiza kwake vizuri hakujibu swali la kwa nini tuliwekwa tuangalie kwa muda wote ule. Mi jibu langu ni kwamba Chopra alikuwa anahudumia watu wa aina mbili ndani ya ukumbi mmoja, aliyekuja kwa uchungu na aliyekuja kuchungulia, na tiketi zao bei moja. Watetezi wa wanawake India waliisema hiyo kasoro wakati uleule, kwa hiyo usidhani umekuwa mlaini kupita kiasi.

Naomba niseme na hili kwa upole. Kama ulitoka nje kwa sababu sini ile imekugusa mahali pako mwenyewe, na sasa inakurudia usiku, usilibebe peke yako wala usijilazimishe kuimalizia ile picha. Mtafute mtu mzima unayemwamini, au nenda hospitali ya wilaya uwaone watu wa ustawi wa jamii, na kama ni jambo lililotendeka kweli kuna dawati la jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi. Kama ni picha tu ilikuchefua, basi ilikuchefua kwa sababu nzuri.

Sasa udhaifu wake mkubwa zaidi, ambao naona unaanzia mbali kabla ya 1980. Chopra anauliza swali kwa ujasiri halafu hukumu anaipitisha kwa watu badala ya kuipitisha kwa mfumo. Chukua Kanoon. Picha ya 1960 haina wimbo hata mmoja, fikiria ujasiri huo kwa sinema ya Kihindi ya wakati ule, na ikampa tuzo ya Filmfare ya dairekta bora. Kijana mwanasheria anaona kwa macho yake kwamba muuaji ni jaji, tena jaji ndo baba wa mchumba wake, na kesi inasikilizwa na jaji huyohuyo huku kizimbani kasimama mwizi mdogo ambaye hakuua. Unakaa ukingoni mwa kiti unasema leo leo, leo tutaona sheria inajihukumu yenyewe. Halafu unaambiwa muuaji alikuwa mtu mwingine aliyefanana na jaji. Nilipoiona mara ya kwanza nilikasirika kama mtu aliyeandaliwa chakula kikaondolewa mezani. Swali kubwa lote likatoroka kwa mlango wa nyuma.

Naya Daur nayo. Watu wa kijiji wanaishi kwa kuendesha tonga, yale magari ya farasi, mtoto wa tajiri analeta basi, ajira zinakufa, Dilip Kumar anakubali mashindano ya tonga na basi, wanakijiji wanajenga barabara kwa mikono yao na tonga inashinda. Raha tupu, mi sijawahi kuiangalia bila kupiga makofi. Lakini ulizia kesho yake asubuhi. Basi bado lipo, mafuta yapo, farasi anachoka na injini haichoki, na picha inatwambia tu kwamba mashine na binadamu wapatane, yaani tajiri awe na moyo mzuri. Weka pembeni yake Do Bigha Zamin ya Bimal Roy, ya 1953, miaka minne kabla. Mle mkulima anakwenda Calcutta anavuta rikisho mpaka damu ili akomboe kashamba kake, na mwisho anarudi anakuta kiwanda kinajengwa juu yake, hata udongo wa kushika mkononi anakatazwa. Bimal Roy hakupi tajiri wa kumchukia na kumsamehe, anakuonyesha deni na karatasi na ukuta. Picha ya Chopra inakupeleka nyumbani umefurahi, ya Bimal Roy inakuacha unahesabu, na kama unataka kuelewa umaskini unavyofanya kazi mi nitakutuma kwa Bimal Roy kila siku.

Na kwenye habari ya wanawake tabia hiyohiyo. Gumrah inaanza na kisa cha Sita, yule mke wa Rama kwenye hadithi za Wahindu, na ule mstari aliochorewa asiuvuke, kabla hata stori haijaanza umeshaambiwa kosa la mwanamke litakuwa kuvuka. Meena dada yake amefariki, anaolewa na shemeji kwa ajili ya watoto, na huku ana mpenzi wake. Pwani tunazijua ndoa za namna hiyo, mtu anaingia nyumba ya marehemu dada yake na hakuna anayemuuliza moyo wake uko wapi. Chopra anamuuliza, na anamruhusu ateseke mbele yetu kama mtu mzima mwenye matamanio, hilo ni zuri. Lakini mwanamke anayemtisha kumbe ni karani wa mumewe, mume mwenyewe ndo kamtuma, na mwisho Meena anamfungia mlango mpenzi wake na mume anaonekana mwenye busara. Mi naona mume pale alistahili swali moja zito na hakuulizwa. Kwa hiyo huyo mtetezi wa wanawake anawatetea hasa wakishaumizwa bila kosa. Mwanamke anayetaka kitu chake mwenyewe Chopra anamwogopa kidogo.

Kaka yako umwambie kasema nusu. Ni kweli Chopra hana jicho la kamera la hao mabingwa wa mwanga na kivuli, picha zake ni za maneno, watu wanasimama wanahutubiana, ukifunga macho unaweza kuzifuata kama redio. Lakini kusema hamna sanaa ni kutosikiliza. Alikuwa na Sahir Ludhianvi akimwandikia mashairi, na kwenye Sadhna kuna wimbo unaosema mwanamke kamzaa mwanamume na mwanamume akamlipa kwa kumpeleka sokoni, na wimbo ule unafanya kazi ya wakili, unasema kile ambacho mhusika mwenyewe hana nafasi ya kukisema bila kupigwa. Kuna pia sanaa ya kuchagua waigizaji. Raj Babbar ni yule mnyama wa 1980 na ni yuleyule Haider mpole, mume wa pili kwenye Nikaah ya 1982, na Deepak Parashar katika zote mbili anacheza mwanamume anayemwacha mwanamke wakati anapomhitaji zaidi. Ziangalie tena kwa kufuatana, utaona jinsi anavyocheza na imani yetu kwa sura za watu.

Nikaah sasa. Nguvu yake nimeshaisema, ile sini ya mwisho, na ongeza sauti ya Salma Agha, ndo Niloufer, aliyejiimbia mwenyewe akachukua tuzo, na skripti ya Achala Nagar ambaye ni mwanamke, mi naamini bila yeye Niloufer asingeongea vile. Udhaifu wake ni kwamba Waislamu wa mle ndani wote ni wa majumba makubwa, mashairi na mavazi ya hariri. Niloufer akiachwa ana elimu na ana rafiki wa kumpa kazi kwenye jarida lake. Fundi cherehani mwenye watoto watatu na kodi ya nyumba hayumo. Na tena hukumu inapita kwa watu, Wasim, yule mume aliyemwacha, ana kiburi na kazi nyingi, Haider ana haya kupita kiasi, wakishaona aibu mambo yanaisha, wakati ile sheria yenyewe inayomruhusu mtu kumaliza ndoa kwa pumzi moja inabaki palepale. India ilikuja kuligusa hilo kwa mahakama 2017, talaka tatu za papo hapo zikabatilishwa, na 2019 ikatungwa sheria inayoifanya kuwa kosa la jinai, nayo hiyo ina mabishano yake mpaka leo.

Kwa hiyo tuziamini kiasi gani? Ziamini zinapokuonyesha maumivu, na zinapokuonyesha jinsi watu wenye heshima wanavyojificha nyuma ya heshima. Usiziamini zinapofunga stori. Zikifika robo ya mwisho uliza tu, kama huyu adui asingetubu au asingepigwa risasi, mwanamke huyu angepata haki wapi? Ukikosa jibu ndani ya picha ujue hapo ndo Chopra kaishia. Na kama mama anataka nyingine ya kuangalia pamoja mi ningechagua Sadhna, haina ukatili wa kamera, na Vyjayanthimala mle ni moto.

Turudi kwa dada. Mi ni mwalimu wa sinema, sio sheikh wala mwanasheria, lakini hiki nakijua: jambo la talaka tatu kwa kikao kimoja wanavyuoni wamelitofautiana tangu zamani. Wengi wa madhehebu manne, na ya Imamu Shafi ambayo wengi wetu pwani tunafuata, wanazihesabu tatu, na wapo kama Ibn Taymiyya waliosema inahesabika moja. Hasira nayo ina daraja zake, kuna hasira ya mtu anayejua anachosema na kuna ya mtu aliyepotewa na akili, na hukumu hazilingani. Na ile habari ya kuolewa kwingine, msije mkampangia mtu wa kumwoa ili amwache, ndoa ya kupangwa hivo imelaaniwa kwenye hadithi. Mama anaposema mpaka aolewe na mwingine sidhani anamaanisha hivo, ila watu wengine hapo mtaani watamwelewa hivo.

Mwambie dada aandike leo, kabla kumbukumbu haijachuja, maneno yaleyale aliyotamkiwa, siku gani, mara ngapi, nani alikuwepo, yeye mwenyewe alikuwa katika hali gani, alikuwa twahara au kwenye hedhi, ana mimba au hana, na kama kuna talaka nyingine aliwahi kupewa nyuma. Aende na karatasi hiyo na cheti cha ndoa kwa kadhi au ofisi ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) ya wilaya. Kwa Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa ndo mahakama iingie, na huko ndo habari ya matunzo, watoto na mali inapozungumzwa, vitu ambavyo mume akitamka barabarani havimaliziki kwa kutamka. Ndugu zake walioko Zanzibar au Mombasa watakuwa na mahakama ya kadhi, utaratibu unatofautiana kidogo. Kama mume alimpiga siku hiyo au anamtishia, asingoje baraza, aende polisi kwenye dawati kwanza. Na mpaka apate jibu kwa mwenye elimu wasilale chumba kimoja wala asiharakishwe kufungasha, kwa sababu kama itaonekana ni talaka moja ya rejea basi eda ndo muda wa kurejeana, na hiyo inahesabiwa tangu siku ile alipotamkiwa, mwezi mmoja unakaribia kupita. Nendeni kesho asubuhi, na mama mwende naye.